Uzito na Ukakamavu wa Kijana wa Sekondari: Mwongozo wa Wiki 12 kwa Mzazi

Kila shule zinapofunga, wazazi huniletea maswali yaleyale. Binti yangu amenenepa ghafla tangu aingie kidato cha pili, je, nimpunguzie chakula? Mwanangu ni mwembamba mno, nimtafutie vidonge vya hamu ya kula? Ana miaka 14 na anahema akipanda ngazi za ghorofa moja, je, moyo wake ni mzima? Nimeyajibu maswali haya kwa miaka mingi nikiwa mwalimu wa michezo, mara nyingi nikiwa nimesimama pembeni ya uwanja, na nimeona ni vyema niyaandike kwa utaratibu ambao mzazi au mlezi anaweza kuufuata nyumbani bila kununua kifaa cha gharama.

Mwongozo huu unamhusu kijana wa miaka 13 hadi 18, awe mnene, mwembamba au wa kawaida. Utaona kwamba natumia muda mwingi kwenye pumzi na nguvu za mwili kuliko kwenye kilo, na ninafanya hivyo kwa makusudi: kwa mtu ambaye bado anarefuka, mizani peke yake hupotosha, ilhali umbali anaoweza kukimbia leo, ambao miezi mitatu iliyopita ulimshinda, haudanganyi.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Mizani ya kusimamia. Kama huna, zahanati au duka la dawa la karibu watakuruhusu kuitumia.
- Tepu ya fundi cherehani.
- Ukuta ulionyooka, penseli na kitabu kigumu cha kupimia urefu.
- Saa au simu yenye kuhesabu sekunde.
- Daftari moja ambalo kijana atalitunza mwenyewe.
- Viatu vya raba vinavyomtosha. Asikimbie kwa ndala.
- Uwanja, barabara ya vumbi isiyo na magari mengi, au ua mpana.

Kabla ya yote, jiulize kama kijana anapaswa kuonana na daktari kwanza. Aende kama amewahi kuzimia au kupata maumivu ya kifua wakati wa mazoezi, kama ana pumu isiyodhibitiwa, ugonjwa wa moyo, kisukari au selimundu. Mwenye selimundu anaweza kufanya mazoezi, lakini kwa kiwango alichokubaliana na daktari wake, huku akinywa maji mara kwa mara, akipumzika kabla hajachoka sana na kujikinga na baridi, kwa sababu kuishiwa maji na kuchoka kupita kiasi vinaweza kumletea maumivu makali. Mwenye pumu akae na kipulizia chake mfukoni uwanjani; kikiachwa kwenye begi darasani hakitamsaidia.

Hatua ya 1: Zungumza naye kabla ya kuigusa mizani

Mweleze kijana kwamba unataka awe na nguvu na pumzi, kisha umuulize yeye mwenyewe angependa mwili wake uweze kufanya nini. Mmoja atataka kucheza dakika 90 bila kutolewa, mwingine atataka tu kupanda kilima cha kwenda shule bila kuachwa nyuma na wenzake. Andikeni jibu hilo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, kwa maana ndilo lengo la kazi yote.

Kosa linaloharibu mambo mengi hutokea hapa hapa. Mzazi humwita mtoto "bonge", "tipwatipwa" au "kimbaumbau" mbele ya wageni, akidhani anamtania au anamhimiza. Nimewahi kuwa na mwanafunzi wa kidato cha pili aliyekuwa akijificha chooni kila kipindi cha michezo kwa sababu ya jina la aina hiyo, na jina hilo lilikuwa limeanzia nyumbani kwao. Hakuna ratiba inayoweza kumfaa mtoto anayeogopa kuonekana akikimbia. Kama jina kama hilo linatumika katika nyumba yako, likome leo, na ndugu zake nao waelezwe.

Hatua ya 2: Pima urefu, uzito na kiuno

Pima asubuhi, kabla hajala na baada ya kwenda haja, akiwa na nguo nyepesi na bila viatu.

Kwa urefu, asimame ameuegemea ukuta, visigino, makalio na mabega vikiugusa, macho yakitazama mbele. Weka kitabu kigumu juu ya kichwa hadi kiguse ukuta sawasawa, tia alama ya penseli, kisha pima kutoka sakafuni. Kwa uzito, weka mizani juu ya sakafu ngumu, kwani juu ya zulia au udongo husoma vibaya. Kiuno kipimwe katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, baada ya kutoa pumzi kwa kawaida, bila kuvuta tumbo ndani.

Sasa fanya hesabu ya uwiano wa uzito na urefu, ambao wahudumu wa afya huuita BMI: gawanya kilo kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mvulana wa miaka 13 mwenye kilo 56 na urefu wa mita 1.55 atapata 56 kugawanya kwa 2.4025, yaani 23.3.

Hatua ya 3: Soma matokeo kwa umri na jinsia

Tafadhali usitumie kipimo cha watu wazima cha 18.5 hadi 25. Hili ndilo kosa ninalolikuta mara nyingi zaidi, na huwafanya wazazi wawahangaikie watoto wasio na tatizo lolote na kuwaacha wenye tatizo. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2007 viwango vya watoto wa miaka 5 hadi 19, na hivi ni baadhi yake:

- Miaka 13: mvulana chini ya 14.9 amekonda kupita kiasi, juu ya 20.8 ana uzito uliozidi, na juu ya 24.8 ana unene wa hatari. Kwa msichana ni 14.9, 21.8 na 26.2.
- Miaka 15: mvulana ni 16.0, 22.7 na 27.0. Msichana ni 15.9, 23.5 na 28.2.
- Miaka 17: mvulana ni 16.9, 24.3 na 28.6. Msichana ni 16.4, 24.5 na 29.3.

Kwa umri wa katikati, chukua namba iliyo kati ya mistari miwili. Zahanati wana chati kamili. Kuhusu kiuno, kanuni ni rahisi: kisifikie nusu ya urefu. Kijana wa sentimita 160 awe na kiuno kilicho chini ya sentimita 80.

Mvulana wetu wa mfano, akiwa na 23.3, ana uzito uliozidi. Lakini tazama kitakachotokea ikiwa kwa mwaka mmoja atabaki na kilo 56 zilezile huku akirefuka sentimita 8, jambo la kawaida kwa mvulana wa umri huo: atakuwa na mita 1.63 na uwiano wa 21.1, ambao kwa miaka 14 ni wa kawaida. Hakupunguza hata gramu moja. Ndiyo maana kwa vijana wengi wanaoendelea kurefuka tunalenga uzito usiongezeke kwa kasi, na hatulengi ushuke. Kwa msichana wa miaka 15 au 16 ambaye kimo chake kimekaribia kukoma, njia hiyo haina nafasi kubwa, hivyo mabadiliko yake yatakuwa ya polepole zaidi na yatahitaji subira.

Elewa pia kwamba msichana anapobalehe, mwili wake huongeza mafuta nyongani, mapajani na kifuani. Hayo ni maumbile na si uzembe. Mama mmoja mmoja hushtuka na kumkata binti yake chakula katika umri uleule ambao mwili unajenga mifupa na kupoteza damu kila mwezi, na matokeo yake ni binti mchovu, mwenye upungufu wa damu, asiyeweza kusoma.

Kuna dalili moja ningependa kila mzazi aijue. Ukiona ngozi ya shingo au kwapa imekuwa nyeusi, nene na laini kama mahameli, usimsugue mtoto kwa dodoki wala kumgombeza kwamba haogi. Mara nyingi hiyo si taka, ni ishara kwamba mwili haupokei vizuri homoni ya insulini, na kijana mnene mwenye dalili hiyo anastahili kupimwa sukari hospitalini.

Hatua ya 4: Pima ukakamavu

Fanyeni majaribio haya matatu siku moja, baada ya kupasha misuli joto kwa dakika 5, na kijana ayaandike kwenye daftari.

1. Mwendo wa dakika 12. Akimbie au atembee kadiri awezavyo, nawe uhesabu mizunguko. Kuzunguka kiwanja cha mpira chenye urefu wa mita 100 na upana wa mita 60 ni mita 320. Kutembea kunaruhusiwa.
2. Pushapu sahihi hadi atakapochoka. Asiyeweza hata moja aegemeze mikono kwenye ukingo wa meza imara au ukuta, na muandike kwamba alitumia meza.
3. Kukaa na kuinuka kwenye kiti kwa sekunde 30, mikono ikiwa imekunjwa kifuani.

Usimlinganishe na kaka yake wala na wachezaji wa timu ya shule. Timu zinazoandaliwa kwa ajili ya UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari Tanzania, huwachukua wachache wenye vipaji, na kwa uzoefu wangu walio wengi, hasa wanene na waoga, hubaki watazamaji miaka yote ya sekondari. Mwongozo huu ni wao kwanza. Namba ya leo italinganishwa na namba yake mwenyewe ya wiki ya 12, basi.

Hatua ya 5: Anza kutembea na kukimbia

Shirika la Afya Duniani linashauri vijana hadi miaka 17 wapate wastani wa dakika 60 kwa siku za shughuli zinazoupeleka moyo mbio, na angalau siku 3 kwa wiki ziwe na mazoezi ya kuimarisha misuli na mifupa. Kabla hujaogopa dakika hizo, hesabu anachofanya tayari. Kijana anayetembea kwa haraka kilomita 2 kwenda shule na 2 kurudi, au anayechota maji na kulima, ameshapata sehemu kubwa ya dakika zake. Mchakamchaka wa asubuhi nao unahesabiwa. Anayepelekwa shule kwa gari na kurudi kukaa mbele ya televisheni ndiye anayeanzia sifuri.

Kwa anayeanzia sifuri, ratiba ni siku 4 kwa wiki, na kila zoezi lina vipande 5 vya dakika 5:

- Wiki ya 1 na 2: tembea haraka dakika 4, kimbia polepole dakika 1.
- Wiki ya 3 na 4: tembea 3, kimbia 2.
- Wiki ya 5 na 6: tembea 2, kimbia 3.
- Wiki ya 7 na 8: tembea 1, kimbia 4.
- Wiki ya 9 hadi 12: kimbia dakika 20 mfululizo, ukiongeza taratibu hadi 30.

Kasi ipimwe kwa mdomo: aweze kuongea sentensi fupi lakini asiweze kuimba. Akishindwa hata kuongea, apunguze. Wanaoanza karibu wote hukimbia kwa kasi mno siku ya kwanza, wakaumwa miguu siku ya pili na kuacha siku ya tatu, kwa hiyo kazi yako katika wiki mbili za mwanzo ni kumzuia.

Sehemu za joto kama Dar es Salaam, Tanga na Mombasa, fanyeni kabla ya saa 2 asubuhi au baada ya saa 11 jioni. Maji anywe kabla, katikati na baada. Katika mwezi wa Ramadhani, anayefunga atembee dakika 30 kabla ya futari na kuyahamishia mazoezi ya nguvu baada ya tarawehe.

Asiyependa kukimbia asilazimishwe. Rede, kuruka kamba, netiboli, baiskeli, kuogelea na ngoma vinaupeleka moyo mbio vilevile, na binti anayecheza rede kwa saa nzima akicheka amefanya kazi kubwa kuliko aliyeburutwa uwanjani.

Hatua ya 6: Ongeza nguvu siku 3 kwa wiki

Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, au siku nyingine zinazoachana. Rudia mzunguko huu mara 2 mwanzoni, kisha mara 3 kuanzia wiki ya 5:

1. Kuchuchumaa na kuinuka mara 10, visigino vikibaki chini na magoti yakielekea upande wa vidole vya miguu.
2. Pushapu mara 5 hadi 10, za chini au za mezani.
3. Hatua ndefu mbele huku goti la nyuma likishuka karibu na ardhi, mara 8 kila mguu.
4. Kulala kifudifudi na kujiinua kwa viwiko na vidole vya miguu, mwili ukinyooka kama ubao, kwa sekunde 15 hadi 30.
5. Kuruka kamba dakika 1.

Wazazi wengi bado wanaamini kwamba mazoezi ya nguvu humfanya mtoto adumae. Yakifanywa kwa ufundi sahihi na chini ya usimamizi, hayadumazi. Kinachoumiza ni kunyanyua vyuma vizito kwa kushindana bila kufundishwa, kama vijana wanavyofanya kwenye gereji zenye ndoo za zege. Mwanao akitaka vyuma, kwanza aweze pushapu 15 safi, kisha ampate mtu wa kumsimamia.

Hatua ya 7: Rekebisha chakula cha nyumba nzima

Usimpikie peke yake na usimfungie kabati. Badilisha chakula cha wote, ukianza na vinywaji: chupa ya soda ya mililita 350 ina sukari ya gramu 35 hivi, ambayo ni karibu vijiko 9 vya chai, na juisi nyingi za pakiti haziko mbali na hapo. Maji yawe kinywaji cha kila siku, soda ibaki ya sikukuu.

Kwenye sahani, nusu iwe mboga na matunda, robo iwe ugali, wali au ndizi, na robo nyingine iwe maharage, samaki, dagaa, mayai au nyama. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao ni chanzo kizuri cha madini ya kalsiamu, na si chakula cha kuonea haya. Asubuhi, viazi vitamu au mihogo ya kuchemsha pamoja na yai vitamshibisha kwa muda mrefu kuliko chai ya rangi na maandazi manne. Chipsi zipangiwe siku, kwa mfano Jumamosi, na siku hiyo azile bila kuhubiriwa. Kumbuka pia fedha ya matumizi: ukimpa ya kutosha kununua soda na vitumbua kila mapumziko, ndivyo atakavyonunua, kwa hiyo kubalianeni afunge karanga na ndizi mbivu kutoka nyumbani.

Asiruke mlo. Asinywe chai za kupunguza tumbo wala vidonge vya kukonda, ambavyo mara nyingi huharisha tu na kumpotezea maji na chumvi.

Kwa mwembamba, ongeza uji wenye karanga, parachichi, maziwa na mlo mdogo wa nne kabla ya kulala. Usimpe vidonge vya kunenepesha. Baadhi ya vidonge vinavyouzwa kwa ajili hiyo ni deksamethasoni, ambayo huvimbisha uso na tumbo, hupandisha sukari ya damu na kuzizoeza tezi zilizo juu ya figo kuacha kazi yake. Kama kijana ameshavitumia kwa wiki kadhaa, mpeleke kwa daktari kabla ya kuviacha, kwa sababu kuviacha ghafla kunaweza kumwangusha.

Hatua ya 8: Linda usingizi

Kijana anahitaji kulala saa 8 hadi 10. Asiyelala vya kutosha huamka na njaa ya vitu vitamu na uvivu wa kujongea. Simu ilale sebuleni kuanzia saa 3 usiku, na ya mzazi ilale hapo pia. Kwa wa bweni wanaoamshwa alfajiri sana, angalau wakati wa likizo waacheni wafidie.

Hatua ya 9: Pima upya

Uzito na urefu mara moja kwa mwezi, na majaribio matatu ya Hatua ya 4 katika wiki ya 6 na ya 12. Kumpandisha mizani kila asubuhi hakufai, kwani maji na chakula pekee hubadilisha kilo moja au zaidi kwa siku.

Mambo yakikwama

*Ukakamavu umepanda lakini kilo ziko palepale.* Pima kiuno na urefu. Kiuno kikipungua au urefu ukiongezeka, mpango unafanya kazi, endeleeni. Visipobadilika kwa miezi mitatu, rudini kwenye vinywaji na vitafunwa vya nje.

*Anaumwa chini kidogo ya pia ya goti au kwenye kisigino.* Kwa wanaorefuka haraka, sehemu ambayo kano inashikana na mfupa hulalamika. Punguza kuruka na kukimbia kwa wiki mbili, atembee au aogelee, na weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 10 hadi 15. Akichechemea, goti likivimba au maumivu yakimwamsha usiku, aende hospitali.

*Anakohoa na kubanwa kifua baada ya kukimbia.* Huenda ni pumu ya mazoezi, ambayo inatibika. Asiambiwe kwamba ni mvivu kabla ya kupimwa.

*Binti amekosa hedhi miezi mitatu tangu aanze mazoezi.* Kama si mjamzito, huenda anakula kidogo kuliko anachotumia. Mazoezi yapunguzwe, chakula kiongezwe, na aonane na daktari.

*Anajitapisha, anaficha chakula, au anajiona mnene ilhali amekonda.* Simamisha mpango wote. Hilo ni tatizo la kiafya linalohitaji daktari na mshauri, na kukemea hulizidisha.

*Anakonda haraka bila kujitahidi.* Akiwa pia na kiu kali na kukojoa mara kwa mara, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo apimwe sukari. Akiwa na kikohozi kisichoisha kwa wiki mbili, homa au jasho la usiku, apimwe kifua kikuu.

*Ameacha katika wiki ya tatu.* Hutokea kwa wengi, hasa mitihani inapokaribia. Asianze upya kabisa. Arudi wiki moja nyuma katika ratiba ya Hatua ya 5 na kuendelea kutoka hapo. Na kama unaweza, tembea naye. Katika wanafunzi wangu, waliofika wiki ya 12 mara nyingi walikuwa wale waliokuwa na mtu wa nyumbani anayevaa raba pamoja nao.